Kitambaa Juu ya Ndoo ya Vumbi

Silibwet,
10 Machi 1997

Kwa dada yangu mpendwa Rebeccah,

Chamgei! Habari ya Kaplong, na ng'ombe, na ule mguu wako? Sisi tunasukuma tu, isipokuwa mtoto wangu Kiplimo anakohoa tangu Januari. Malori ya majani chai yanapita hapa mlangoni, vumbi inaingia mpaka kwa uji.

Dada, ulisikia kanisa ilileta ndoo za kupima vumbi? Mama mmoja wa afya alisema kijiji kitapewa moja, ikae nje mwezi mzima juu ya nguzo, na vumbi ikizidi, malori yapelekwe barabara ya chini. Nikajua ni yangu. Nani anakula vumbi kunishinda? Ehe! Wakapeleka kwa Chepkurui, mke wa ndugu ya bwana yangu, eti boma yake ni safi. Kila kitu ni Chepkurui! Mwenyekiti wa akina mama, Chepkurui. Mgeni akija, chai ni kwa Chepkurui. Roho iliniuma, dada, hadi chakula ikanishinda.

Siku ya kuelezwa, yeye alikuwa jikoni akipikia wageni chai. Sisi wengine tuliambiwa ndoo ikae wazi, usiku na mchana. Kesho yake nikapita, nikaona ameifunika na kitambaa cheupe cha kushona, vile anafunika redio. Aliniambia kitu ya wageni haiwezi kurudi ikiwa chafu.

Jana mama wa afya alitangazia watu baada ya ibada kwamba vumbi yetu ni kidogo, malori yataendelea kupita hapa. Ndipo mtu akataja kitambaa. Chepkurui alilia mbele ya kanisa, akiuliza mbona hakuna aliyemwambia.

Dada, mimi nilijua. Mwezi mzima nilipita hapo nikienda kuchuma chai, nikaangalia hicho kitambaa, nikafurahi. Nilitaka aaibike. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na mtoto mgongoni.

Na unajua kitu inaniuma zaidi? Wamama wote walimzunguka wakimbembeleza. Hata Kiplimo alimpelekea maji, huku akikohoa. Mimi nilisimama kando, nikamwonea wivu tena.

Nisalimie shemeji na watoto, na barua hii usimsomee mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Elmina