Aya Niliyoiruka Kwenye Jarida la Mjomba

Mpendwa Bi Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Maulidi hayajafika. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo nyumbani kwetu Mtoni mie ndiye mwenye Kiingereza, yaani ikija barua au dawa yenye maandishi naitwa nisome, nami naona haya kusema sijui, basi nasoma. Mama yangu ana uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, ukichachamaa presha humpanda ghafla, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka chapachapa, na baada ya mwaka mzima wa kuambiwa ana majini, Daktari Theonest akauona kwenye picha, ukubwa wa chungwa, akampa vidonge vya kutuliza presha kwanza, akampangia afunguliwe tumbo autoe, Jumatano baada ya Maulidi.

Mama alikubali. Ndipo mjomba Khalfani akatutumia jarida kutoka Muscat. Mjomba anauza vipuri vya magari, lakini anaishi ng'ambo, na kwetu hiyo ni shahada tosha. Baba mkubwa Mbwana akaita kikao cha ukoo, nikasimamishwa katikati nitafsiri. Nikasoma kwamba siku hizi madaktari wanatoboa matundu matatu au manne tu, wanaingiza kamera nyembamba, wanaliangalia tumbo kwenye televisheni, wanautoa uvimbe, na siku ya tatu mgonjwa yuko kwake. Shangazi Somoe akapiga kigelegele: "Na huyo Theonest alitaka kumpasua wifi yangu kama papa wa kukaushwa!"

Baba mkubwa akauliza, "Kuna lingine, mwanangu?"

Lilikuwepo. Aya ya chini ilisema uvimbe ukiwa mkubwa wengi bado wanafungua tumbo, na sehemu nyingine sikuielewa vizuri, lakini mama alikuwa anacheka, nilikuwa sijamwona akicheka siku nyingi, nikasema, "Hakuna, baba. Yaliyobaki ni matangazo."

Sasa mama hataki kufunguliwa, anasubiri matundu. Daktari alipoeleza kwamba mashine hiyo hana, baba mkubwa akamwambia amepitwa na wakati. Vidonge mama ameviacha, anasema vya nini wakati hapasuliwi, na juzi ameanguka jikoni. Je, nimwandikie mjomba awaambie yeye habari ya aya ile? Au matundu kweli ni bora, mie ninyamaze tu?

Mwenye Haya, Mtoni

JIBU

Marahaba, Mwenye Haya. Nikipongeze kikao chenu: muuza vipuri ameleta habari, mwanafunzi amezipunguza, shangazi amezipigia kigelegele, na aliyesomea tumbo la binadamu ndiye mliyemwona mjinga. Mngemwalika na fundi cherehani, mkamalizia mshono hapohapo.

Mie nisipojua huuliza, kwa hiyo nimemuuliza daktari wa upasuaji. Matundu ni mazuri kweli: maumivu machache, kovu dogo, mgonjwa huinuka mapema. Lakini yanataka uvimbe mdogo, mashine, na mikono iliyofundishwa. Kufungua tumbo kunauma, mama atalala wodini wiki nzima au zaidi, na ndoo ya maji asiiguse kwa muda mrefu. Ila uvimbe kama chungwa daktari atauona kwa macho yake, na damu ikimwagika mkono wake uko palepale. Anayeweza kumtibu mama yako kwa usalama Jumatano hiyo ni huyohuyo aliyepitwa na wakati. Na kovu refu, mwanangu, ni pambo la aliye hai.

Nakuhurumia, kwa sababu watu wazima kumi walijificha nyuma ya Kiingereza cha mtoto mmoja. Lakini haya zako zimeshamwangusha mama jikoni mara moja. Unataka zimwangushe mara ngapi? Barua ya mjomba itakaa njiani wiki tatu. Uvimbe haungojei posta.

Leo, kabla hujafagia uwanja, kaa na mama peke yenu umwambie. Kisha mpeleke kwa Daktari Theonest, aseme yeye vidonge vianzwe tena vipi. Msijianzishie, na wala gazeti hili si duka la dawa. Mkitoka huko, chukua jarida uende kwa baba mkubwa. Shangazi akiwepo, heri, asikie. Usilie, usizunguke. Mpe shikamoo yake, fungua ukurasa, weka kidole kwenye aya ile, useme: "Baba, hayakuwa matangazo."