Jina Nililoandika Leo

Majengo, Jumanne jioni

Nisamehe, daftari, ni miezi miwili sijakuandikia. Nimekuwa nikichoka sana.

Leo mwalimu anayenifunza kuchora tattoo ameniachia mteja wangu wa kwanza, baada ya wiki nyingi za kujaribia sindano kwenye ngozi ya mbuzi kutoka buchari, kwa muuza nyama. Mwanamke mtulivu. Akanyoosha mkono, akasema, "Andika Wanja. Ni mtoto wangu, tulimzika Aprili."

Wanja ni jina la mama yangu, na ndilo nililompa binti yangu. Kwetu majina hurithiwa, najua Wanja ni wengi. Lakini kwenye herufi ya tatu niliinua sindano. Niliona ni kama namzika wangu.

"Malizia tu, msichana," akasema. "Usiniachie nusu yake."

Nikamaliza. Wino ulisambaa kidogo mwishoni. Aliliangalia jina, herufi kwa herufi.

Wanja wangu yuko Embu kwa mama, na mama hashiki simu tangu saa kumi. Labda ni chaji. Labda...

Akishika, nitamwambia anitumie sweta yangu ya kijivu, mchele kilo mbili, na sauti ya Wanja akisema chochote, hata kama ni kulia.