Pilau ya Maramba Niliiharibu Mimi

Mjomba,

Nimemkosea Zuberi. Naanza na hilo kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Ile pilau ya harusi ya Maramba niliiharibu mimi, halafu mbele za watu nikasema kaiharibu yeye. Sasa ndiyo shikamoo.

Haya yametokea baada yako. Tulishakusomea hitma, mkaza mjomba alishatoka eda, akatuita wapishi wako wote pale uani kwenu. Akanikabidhi mwiko wako mkubwa, ule wa kugeuzia wali wa shughuli. Akasema, "Mwenyewe alitaka apewe Athumani. Ila usije ukaufanya fimbo." Tukacheka, na aliyecheka sana ni Zuberi. Ungempa yeye hakuna ambaye angeshangaa, maana alishika masufuria yako kabla yangu. Hakununa. Alinipa mkono akasema, "Haya kiongozi wetu, tuambie."

Hilo neno kiongozi, Mjomba, nililivaa kama kofia mpya ya Idi.

Haukupita muda tukaitwa semina, sisi wenye vikundi vidogo vidogo vya mjini: wapishi, wapambaji, wenye maturubai. Somo lilikuwa uongozi. Aliyetufundisha ni dada mmoja mwalimu wa chuo, mpole, anaeleza mpaka mtu wa darasa la saba kama mimi anaelewa. Akasema wataalamu wamebishana miaka mingi, kiongozi ni nani hasa. Wa mwanzo walidhani mtu anazaliwa nao: urefu, sauti, kujiamini. Mimi nikajitazama. Mrefu, na sauti ninayo. Nikafurahi, na nadhani kuanzia hapo masikio yangu yakaziba nusu. Maana yule dada aliendelea, akasema hilo lilionekana halitoshi, wakaanza kutazama kiongozi anafanya nini badala ya yukoje. Kuna anayeangalia kazi tu, kuna anayeangalia watu, na yupo anayeweza yote mawili. Wengine wakaja wakasema inategemea na hali, mgeni wa kazi umwelekeze, mzoefu umwachie. Mimi nikatoka na vitu viwili tu, kuamuru na kuwajibika. Kila mtu awajibike kwa kazi yake. Nikajiambia hiki ndicho Mjomba alichokosa. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Nikanunua filimbi. Usicheke. Nikipuliza mara moja washeni moto, mara mbili tieni mchele, mara tatu palieni makaa juu ya vifuniko. Na kila mtu ana sufuria lake, likiharibika ni lake. Siku ya kwanza Zuberi aliniuliza, "Athumani, tunapika au tunacheza mpira wa ndondo?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikamjibu, tena kwa sauti, "Tukiwa kazini niite mwenyekiti." Akarudi kwenye sufuria lake. Tangu siku hiyo akawa ananiita mwenyekiti hata tukikutana msikitini.

Sasa Maramba. Mzee Kombo alikuwa anamwoza binti yake mkubwa. Tulifika asubuhi na kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukapanga mafiga nyuma ya nyumba, na yeye na ndugu zake wakaweka viti wakawa wanatutazama. Zuberi ndiye aliyekuwa na sufuria kubwa, la wageni wa upande wa bwana harusi, na mchele wa sufuria hilo ulitoka shamba la Mzee Kombo mwenyewe, mpya kabisa. Akauchota kiganjani, akausugua, akanivuta pembeni watu wasisikie. "Mwenyekiti, huu mpya, maji tupunguze." Unaona, hata hapo alikuwa ananisitiri. Lakini mimi nilishatangaza kiasi cha maji, wazee wanatazama, nikaona nikigeuza kauli nitaonekana sijui kazi. Nikamwambia, "Tia kama nilivyosema." Akatia.

Ulipofunuliwa haukuwa wali. Bibi mmoja akachungulia akasema, "Jamani, leteni vikombe, pilau ya leo ya kunywa." Wageni wakacheka mpaka ukumbini. Mzee Kombo akaja jikoni macho mekundu, akauliza, "Nani kanifanyia hivi?"

Mjomba, swali hilo wewe uliwahi kuulizwa mimi nikiwa nimesimama nyuma yako. Ile harusi ya Chumbageni, mimi ndiyo kwanza nimeoa, akili yote iko nyumbani, sufuria likaungua mpaka moshi ukawafuata akina mama ndani. Mwenye shughuli alikuja na maneno makali. Ukajifuta mikono kwenye kikoi, ukasogea mbele yangu, ukasema, "Mimi hapa. Moto niliuzidisha mimi, mnisamehe." Wewe mfupi, na ile sauti yako ya kukwaruza, unamfika yule bwana kifuani. Akakusema mpaka akachoka. Njiani kurudi nilikuwa nangoja unigeukie. Ulichosema ni "Kesho wahi." Basi. Nikawa nawahi, tangu siku hiyo mpaka siku tuliyokuzika.

Na mimi nilipoulizwa nikanyoosha mwiko. Mwiko wako, Mjomba. Nikasema, "Sufuria hili la Zuberi. Kwetu kila mtu anawajibika na lake."

Hakujitetea. Angeweza kusema nani aliamuru maji, na ningekosa pa kujificha. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kuni, akashika njia kwa miguu kwenda barabarani. Wenzake wakainama kwenye masufuria yao. Nami nikapuliza filimbi, sijui hata ya nini.

Tangu hapo, kuanzia Maramba mpaka Horohoro, wanamwita Zuberi wa Uji. Haitwi tena kwenye shughuli. Anakaanga mihogo barazani kwake, na siku moja nilipita nikaona wateja wanamtania, "Leo mihogo au mtori?" Naye anatabasamu. Sikusimama. Niligeuza uso kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Kundi bado lipo. Wanafanya ninachosema, na hapo ndipo penye shida. Juzi juzi tulikuwa na hitma kule Ushongo. Nikaenda mbele kuwasalimia wenyeji, kurudi nakutana na harufu. Sufuria linaungua, na wapishi wangu wamesimama wanalitazama. Nikauliza, "Jamani, hamkuona?" Mmoja wao, Salimu, akajibu, taratibu tu, "Tumeona, mwenyekiti. Filimbi ndiyo hatujasikia." Hakuna aliyecheka. Nikakaa juu ya kuni.

Pale ndipo yaliponirudia yale maneno ya yule dada niliyoyasikia nusu. Alisema yupo kiongozi wa nipe nikupe, ukifanya unapata, usipofanya unaadhibiwa, na watu wake hufanya kile kile walichoambiwa, hawaongezi. Na yupo ambaye watu humfanyia zaidi ya walichoombwa, kwa sababu kawafanya waione kazi ni yao. Nikakuona wewe unapita sufuria hadi sufuria unauliza, "Mnaonaje?" Mgeni wa kazi ulisimama nyuma yake mpaka wali uive. Zuberi hata sufuria lake hukuligeukia, mimi nikawa nadhani unampendelea. Yule dada alikuwa anakuelezea wewe, Mjomba, na mimi nimekaa pale nakula sambusa nawaza urefu wangu.

Sitaki kumsingizia yeye wala somo lake. Somo lilikuwa zima, kipande nilikichagua mimi. Hata hilo la kuwajibika lilikuwa zuri, ila nililianzia kwa wenzangu, mimi nikajiruka.

Nimekuwa nikijiuliza kama wewe ulizaliwa hivyo. Nikamuuliza mkaza mjomba, akacheka mpaka akakohoa. Akasema ujanani ulikuwa mkali kama pilipili, uliwahi kumrushia mtu upawa kwenye harusi ya watu, na ukakaa mwaka mzima huna wa kupika naye. Hukuwahi kutuambia. Ningependa ungeniambia hilo, Mjomba. Ungeniambia hata hilo tu.

Leo Jumatatu. Jana Mzee Kombo kanipigia simu, binti yake wa pili anaolewa. Akasema, "Njoo utupikie, ila yule wako wa uji abaki huko huko." Nikamjibu, "Sawa mzee."

Nikasema sawa. Mara ya pili, Mjomba. Simu ilishakatika, mimi bado nimeishika sikioni. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Filimbi sinayo tena, nimempa mtoto wa jirani, na sasa mama yake hanisalimii. Hilo lilikuwa rahisi. Gumu ni hili. Ijumaa hii, baada ya sala, Mzee Kombo amewaita wazee wa pande zote mbili barazani kwake kupanga shughuli, na mimi natakiwa niwepo. Alhamisi nitakwenda kwanza kwa Zuberi. Sitamwomba arudi, sina uso huo. Nitamwambia nilichokifanya, kwa mdomo wangu, asikie kabla ya watu wa Maramba. Akitaka kunifukuza na mwiko wake wa mihogo, anifukuze.

Halafu Ijumaa nitawaambia wale wazee kwamba maji niliyaamuru mimi, kwamba Zuberi alinikanya nikakataa, na kwamba jina lile wamempa asiyelistahili. Wakiitaka kazi yao, waichukue. Wakisema bado tupike, nitasema mpishi mkuu ni Zuberi, kama atakubali, na mimi nitashika sufuria nitakalopangiwa. Na Ijumaa jua likizama sijasema, Jumamosi asubuhi mwiko huu unarudi kwa mkaza mjomba, na sababu nitamweleza mwenyewe, nimesimama.

Pumzika, Mjomba. Yasini yako nitakusomea Alhamisi nikitoka kwa Zuberi, vyovyote atakavyonipokea. Nimeshafikiria nitaanzaje pale barazani, nimejaribu maneno mengi na yote yananizungusha. Nitaazima yako. Mzee Kombo akishawakaribisha wageni, nitasimama niseme, "Mimi hapa."

Mpwa wako,
Athumani