Kwa Rubeni, Kuhusu Pampu ya Trekta la Kijiji

Kijiji cha Ujamaa Mtae,
Lushoto.
9 Machi 1976

Mpendwa mdogo wangu Rubeni,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini wewe na mkeo Yudith hamjambo huko Morogoro, na kwamba ile homa ya mtoto imekwisha kabisa. Sisi huku ni wazima kiasi. Mama anasumbuliwa na magoti kwa sababu ya baridi, na ukungu wa mwaka huu hautaki kuondoka hata saa sita mchana. Viazi vimekubali.

Shemeji yako Secilia mkono umeanza kuunga. Bado hawezi kukamua wala kusonga ugali, nasonga mimi, na watoto wananicheka kwa mabonge. Anakusalimu. Ameniambia niandike hivyo, nami nimeandika.

Barua yako ya kuniomba niwe msimamizi wa mtoto kwenye ubatizo huku nyumbani siku ya Pasaka nimeipata, na jina la Nathanaeli mlilomchagulia ni zuri, marehemu baba angefurahi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu. Nilipoisoma mara ya pili chakula kilinishinda. Rubeni, hivi kweli hujui kwamba siruhusiwi? Nimetengwa na kanisa. Tangu mwezi uliopita sishiriki Meza ya Bwana, kwa kosa la kuiba mali ya kijiji na kusema uongo. Mtu aliyetengwa hamshiki mtoto wa mtu mbele ya madhabahu. Ngoja nikueleze taratibu, usije ukasema hukuambiwa.

Unakumbuka Krismasi trekta letu lilivyokuwa, lile kuukuu tulilogawiwa kutoka shamba la mkonge. Stelingi yake ilikuwa inavuja mafuta mpaka usukani unakuwa mzito kama kumsukuma ng'ombe aliyelala. Mimi dereva nilikuwa nimekwisha badilisha mpira wa mafuta na kukaza vibano vyote, lakini wapi. Ukaja likizo, fundi wetu kutoka karakana kubwa. Ukasema ni sili za pampu, vile vipira vya kuzuia mafuta, na kwamba mpya umekuja nazo. Kijiji kikakuchinjia mbuzi. Mimi nikasimama mbele ya mkutano nikasema kazi ya Rubeni ni kazi yangu, likiharibika niulizwe mimi. Nani alinituma? Damu tu. Nikakuachia ufunguo wa banda ufanye kazi yako kwa nafasi.

Kwa wiki chache mambo yalikuwa mazuri. Kisha matone yakaanza tena, chini ya pampu, pale mhimili wake unapotokea. Ningeweza kuifungua siku ileile. Lakini unajua huku kwetu, ukifungua kazi ya ndugu yako mbele za watu umemvua nguo. Basi nikawa naamka kabla ya wenzangu, naongeza mafuta, naipangusa pampu kwa kitambaa humo gizani, na doa la chini nalifukia kwa majivu ya jikoni. Sikutaka mtu aseme fundi wa nyumba yetu ni wa hovyo. Jirani yetu Imelda aliniona na majivu yangu. Alikaa nalo moyoni.

Siku tuliyokuwa tunapeleka viazi Lushoto, kwenye kona ya chini ya shule, pampu ilikata kabisa na usukani ukakaza. Upande mmoja ukingo wa mlima, upande wa pili bonde lenyewe, unalijua. Nililazimisha usukani kwa mikono na kifua nikaligongesha trekta kwenye ukingo, trela likalala ubavu. Secilia alikuwa amekaa juu ya magunia. Nashukuru Mungu ulivunjika mkono, si shingo.

Ndipo nilipoifungua, mbele ya kamati ya kijiji. Mdogo wangu, pampu niliyoikuta si ya kwetu. Ya kwetu iliwahi kuvunjika sikio moja la kupitishia boliti, nikaipeleka mimi mwenyewe kuchomelewa. Naijua ile. Hii ilikuwa na masikio mazima na mhimili uliolika, hata ukiivisha sili mpya kila Jumatatu itavuja tu. Nikasema hivyo mwenyewe, tena kwa sauti, mjinga mimi. Wakauliza, basi ya kijiji iko wapi? Mwenye ufunguo mimi. Aliyejidhamini mkutanoni mimi. Imelda naye akaleta habari ya majivu. Ungekuwa wewe ndiye kamati ungemshika nani?

Hata hapo sikukusema vibaya. Nilisema labda fundi alichanganya vifaa, aulizwe. Mzee Sefania wa kanisa alikuwa anakuja huko Morogoro kwa shughuli zake, akaahidi kukuona. Alikuona. Ulimnywesha chai, ukamuulizia hali ya Mama, halafu ukamwambia, "Mimi niliiacha ileile, muulizeni mwenye ufunguo."

Aliporudi akanieleza neno hilo nilikaa chini hapohapo kwenye matope. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami methali hiyo nilikuwa nikiisema tu kama watu wanavyosema. Trekta nikanyang'anywa, kanisani nikatengwa, na watoto wangu shuleni wanaitwa watoto wa pampu.

Wiki mbili zilizopita nikakutana na Silvano, dereva wa trekta la mfanyabiashara mmoja kule Soni. Katika mazungumzo akakusifu, akasema Krismasi ulipita kwao ukawatengenezea stelingi na tangu hapo haijadondosha hata tone. Nikaomba niione. Rubeni, pampu yetu nimeiona kwa macho yangu, nimeligusa lile sikio la kuchomelewa kwa kidole changu. Silvano maskini alibaki kunishangaa, hakujua kitu.

Nilimwambia Mama peke yake, nikidhani atalia pamoja nami. Alilia, lakini kwa ajili yako. Akaniomba ninyamaze mpaka mtoto abatizwe, maana baba yake akitengwa ubatizo utaahirishwa. Akasema wewe bado kijana na mimi nimezoea shida. Hilo nalo limeniuma sana. Sikuzaliwa nimezizoea.

Nikanyamaza kwa ajili yake. Kisha ikaja barua yako, ukiandika kwamba katika ukoo wetu hakuna mtu mwaminifu kuliko mimi, ndiyo maana unataka mwanao ashikwe na mikono yangu. Usingeandika hayo ningenyamaza mpaka kaburini, nadhani. Lakini unajua kwamba mimi ni mwaminifu, umeandika kwa mkono wako, na bado ukawaacha wanitenge.

Jana nilikwenda kwa mchungaji na kwa Mzee Sefania nikawaeleza yote. Jina lako nimelitaja. Wameahidi kukusikiliza Jumamosi ya kuamkia Pasaka, na mpaka wakusikie, mimi nabaki kama nilivyo. Niliwasihi ubatizo usizuiwe, wamekubali, mtoto hana kosa. Mama amebeba blanketi lake amehamia kwa dada yetu Yunis, na leo asubuhi tulipokutana njiani hakuitikia salamu yangu.

Uje, Rubeni. Ukisema kweli hiyo Jumamosi, Jumapili nitamshika Nathanaeli kwa furaha, na mengine tutayamaliza nyumbani. Ukinikana tena, atashikwa na mtu mwingine, nami nitaitikia amina pamoja na watu wote, kisha nitakwenda zangu, na baada ya hapo usiniite kaka.

Msalimie sana Yudith. Najua yeye hana habari, na ni afadhali aisikie kwako kuliko aje kuisikia huku kanisani. Yunis na mumewe wanakusalimu, Mama pia najua anakusalimu. Mungu awalinde njiani wote watatu, na mtoto mumfunike vizuri, huku juu bado ni baridi.

Mimi kaka yako, niliyejaribu kuacha kukupenda nikashindwa,

Hezekia