Jeneza la Chuma Barazani

Mabawa,
Tanga.
12 Januari 2025

Mpendwa Kaka Rahimu,

Shikamoo. Natumai wewe, shemeji Khadija na watoto mu wazima huko Maskati. Mimi na wanangu hatujambo. Baba hajambo ya mdomoni tu; nitamfikia.

Nimempa Yasini barua hii akuletee kwa sababu haya si ya kusema kwenye simu.

Mama mdogo Saleha alipofariki uliambiwa kazikwa salama. Haikuwa hivyo. Tulipokwenda kuchukua jeneza la msikiti tulikuta mkono mmoja wa mbele wa kubebea umekatika. La msikiti wa jirani lilikuwa limetoka na maiti mwingine, na adhuhuri ilikaribia. Watu wakamtazama Uweso kwa kuwa ni fundi wa kuchomelea, wakasahau kuwa aliyelala ndani ni mama yake.

Jeneza lile ni la aluminiamu. Uweso alikuwa na bomba la chuma na fito za kuchomelea chuma, basi. Anajua vitu hivyo havishikani: aluminiamu huyeyuka chuma hakijapata moto. Mvuvi wa Kigombe alimletea kazi ya namna hiyo mwaka jana, akaikataa, akamwambia atafute bolti. Lakini siku ile hakuweza kuwaambia watu mama yake asubiri. Akachoma. Ikanata kama nta iliyopoa, tukaona imeshika.

Ilishika mpaka njia panda. Uweso mwenyewe alikuwa chini ya mkono ule. Uling'oka, jeneza likainama, maiti akateleza hadi chini na sanda ikafunguka miguuni. Tahalili ikakatika. Mzee Sele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kamtupa mamake mwenyewe."

Neno hilo halijaisha mtaani. Hata anayeagiza geti humuuliza kwanza kama litamwangukia.

Baada ya arobaini Uweso alitengeneza jeneza jipya, chuma kitupu mwanzo hadi mwisho, akaliweka kwenye baraza ya msikiti. Wamekufa watu wawili tangu hapo. Mara zote mbili watu wamelipita wakaenda kuazima la jirani.

Baba, hospitali wameturudishia, figo zimekwisha. Ijumaa alitaka tumpeleke msikitini. Aliishika mikono ya lile jeneza mmoja baada ya mwingine, akaitikisa yote kwa nguvu alizobaki nazo. Mzee Sele akamwambia hilo zito, litavunja watu mabega.

"Basi yavunjike," Baba akajibu. "Mimi mtanibeba na hili, na Uweso akae mbele."

Uweso alikuwepo. Alichukua viatu vyake akatoka bila kuaga.

Kaka, unajua kwetu maiti hangojeshwi. Mbele kuna nafasi mbili, na mimi nitakuwa nyuma. Moja ni ya Uweso. Ile ya ubavuni kwake hajaitaka mtu, nami nimewaambia ni yako.

Dada Hafsa anakusalimu, na shangazi Semeni wa Tongoni pia. Mola akufungulie njia mapema.

Mdogo wako akupendaye,
Sabiri