Nilikwenda Kumtafuta Babu Kwenye Makaratasi

Kisauni, Jumanne. Jua la leo halikuwa na adabu. Kufika saa tatu asubuhi shati lilikuwa limeshanigandama mgongoni, na hizi chafya ninazopiga sasa ni za vumbi la majalada.

Ninaandika kwa aibu. Na ninacheka.

Kwetu, kila mtoto hukua akijua kwamba marehemu babu Karisa, ambaye mimi ni somo yake, ndiye aliyeleta bomba la kwanza la maji mtaani. Aliwakabili wakubwa wa manispaa, wakatetemeka, akatolewa mkutanoni na askari. Hadithi hiyo tunalishwa kila Krismasi pamoja na pilau. Sasa wazee wa mtaa wanatafuta jina la barabara yetu, na Baba Mkubwa Kazungu amepeleka la babu. Wakamwambia alete ushahidi wa maandishi. Mimi ni mwalimu wa historia, nikatumwa. Kibao chenyewe chenye jina la babu, Baba Mkubwa alikuwa ameshakichonga.

Nikavuka daraja hadi mjini, kwenye hifadhi ya nyaraka. Bi Zainabu, msimamizi wa chumba cha kusomea, alinipokonya kalamu ya wino kabla sijamaliza shikamoo.

"Hapa ni penseli tu, mwanangu. Na jasho lipanguse kwanza."

Nikafungua jalada la mikutano ya mtaa wetu, miaka ya mwanzo ya uhuru. Jina la babu nikalipata upesi. Karani alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri sana: Bwana Karisa, fundi baiskeli, alionywa mara mbili kwa kukoroma. Mara ya tatu alitolewa nje.

Kukoroma!

Nilisoma tena na tena, nikimwomba Mungu awe Karisa mwingine. Lakini fundi baiskeli Kisauni alikuwa mmoja.

"Umepata msiba?" Bi Zainabu akauliza.

Nikamwonyesha. Alicheka hadi akavua miwani, chini ya tangazo linaloamuru kimya. Kisha akaniambia, "Wallahi, usiishie kwenye mikutano. Mikutanoni walikwenda wanaume. Tazama barua, huko nyuma."

Huko nyuma palikuwa na barua ya wanawake wa mtaa wetu. Walimwarifu diwani kwamba siku ya nne hiyo wameketi mlangoni pake, na hawaondoki bila bomba. Chini yamepigwa madole gumba kumi na manne, kila moja na jina kando. La kwanza ni la Kadzo, mke wa Karisa.

Hawe wangu. Bibi ninayeishi naye nyumba moja, anayenigombeza nikiacha taa zinawaka!

Nilimkuta uani akichambua mchicha.

"Hawe, kumbe bomba ni lako?"

"Nani kakwambia?"

"Serikali."

Akaendelea na mchicha wake. Nikamuuliza mbona miaka yote amemwacha babu asifiwe.

"Yeye alitaka sifa, mimi nilitaka maji. Kila mtu alipata chake."

Nimefundisha historia ya mji huu miaka kumi na moja, na sikuwahi kumuuliza mwanamke huyu swali lolote zaidi ya chakula kiko wapi.

Jioni nikampigia Baba Mkubwa. Nilimsomea mambo yote, hata kukoroma. Akauliza jambo moja tu.

"Kadzo ni herufi ngapi?"

"Tano."

"Basi zitaenea nyuma ya kibao," akasema, akakata simu.

Nikaketi kuwaandikia wazee wa mtaa. Hawe akataka nimsomee barua. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba yeye ndiye aliyeleta maji, akaninyooshea kidole.

"Nilikuwa peke yangu hapo mlangoni? Andika na wenzangu." Akaanza kuwataja, polepole, akifumba macho: Sidi, Mwanamisi, Dama, Bi Fatuma, mmoja baada ya mwingine, wengi wao sasa wako makaburini. Alipofika wa mwisho akafumbua macho, akasita.

"Na Mbeyu. Mwandike naye, ingawa sufuria yangu hajairudisha hata leo."

Nimemwandika.