Springi Iliyobaki Kwenye Karai

Mjukuu wangu Wakesho,

Salamu kutoka Voi. Nyanyako ni mzima, mbuzi amezaa, na mimi bado ndiye fundi pekee wa hapa aliyefungua difu ya spidi mbili bila kosa. Sawa, kosa lilikuwepo. Ndiyo maana nakuandikia.

Unauliza kama useme kuhusu ule waya wa umeme uliosahau kukaza kwenye nyumba ya watu huko Nakuru, maana hakuna aliyekuona.

Nikiwa kijana nilitengeneza lori kuukuu la Mwambi. Difu yake, yaani gia za ekseli ya nyuma, ilikuwa na spidi mbili, moja ya mlima na moja ya tambarare. Nikafunga, akaenda Mbololo, kule mlimani, kupakia mahindi. Halafu nikamwaga dizeli chafu niliyooshea vyuma kwenye nguzo za ua, kufukuza mchwa, na ndani ya karai, chini kabisa, nikaona springi. Bila hiyo, gia ingechomoka kwenye mteremko.

Nilisukuma baiskeli mlima mzima nikimtukana Mwambi kana kwamba kosa ni lake. Nikamkuta anawasha injini, akina mama wamekaa juu ya magunia.

"Zima! Nimesahau springi!"

Akazima. "Shukeni, akina mama. Fundi alikuwa ameacha akili nyumbani, sasa ametuletea."

Walinicheka hadi nikatamani kurudi nayo. Lakini lori lilipoharibika tena, aliniletea mimi. "Hao wengine sijui walisahau nini," akasema.

Huo waya, nenda leo ukaseme. Hadithi hii hata nyanyako hajaisikia, kwa hivyo una deni langu: ukishasema, nipigie unieleze ulivyotukanwa, neno kwa neno.

Babu yako